Kutoka Daraja la Nyali hadi Feri kwa miguu: tuunganishe ndia moja isiyokatika

MtembeziWaKisauni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote habari zenu.

Huu ni mwaka wa tatu naenda kazini kwa miguu hapa Mombasa. Natoka Kongowea, navuka Daraja la Nyali, napita Buxton, naishika Abdel Nasser mpaka Digo Road, nafika Posta, kisha Nyerere Avenue moja kwa moja hadi karibu na feri ya Likoni, ambako nafanya kazi ya ghala. Nikikaza mwendo yanichukua saa moja na robo hivi. Nilianza kwa sababu ya nauli. Siku hizi hata nauli ikiwepo naenda kwa miguu, kwa kuwa mji huu ukiutembea mapema, jua halijapanda, upepo wapiga pale juu ya daraja na ngalawa zapita chini yako, ni mji mzuri mno.

Ila ndia, yaani njia, yakatika. Wapita mahali pana kabro safi, yale matofali ya kutandika chini, hatua mia mbili raha mustarehe, halafu ghafla kabro yaishia kwenye mchanga, au kwenye gari lililoegeshwa pua ikagusa ukuta, au kwenye mtaro ulio wazi. Hapo washuka barabarani pamoja na matatu na bodaboda, wajikaza, wapanda tena mbele. Wiki iliyopita nilihesabu. Kati ya Buxton na Posta peke yake nilishuka barabarani mara 11.

Niwaeleze mahali pamoja tu. Karibu na Marikiti nilimkuta mama mmoja mtu mzima amesimama ukingoni, kapu mkono huu, mkono wa pili ameshika buibui lisiburure. Mbele yake kifuniko cha mtaro hakipo. Mtu mwema amechomeka tawi la mkungu mle shimoni ili wapitao waone. Nikalitazama lile tawi: lilikuwa limekauka, majani yamejikunja na kugeuka rangi ya kahawa. Kando yake palikuwa na tawi jingine, bichi. Yaani shimo limekaa hata ilani yake ya kwanza ikafa, na mtu akarudi kuweka ya pili. Nikamshika mama mkono tukashuka barabarani, tukapanda mbele. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hapa hungoja mpaka apite mtu kama wewe."

Jambo hilo limenikaa moyoni. Mtu mzima katika mji wake angoja mtu wa kumvusha shimo.

Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Kisiwa chetu kina milango mitatu mikubwa: Nyali kaskazini, Makupa magharibi, feri kusini. Anayekuja mjini kutoka bara kwa kawaida hupita mmojawapo, na wengi wetu twapita kwa miguu angalau kipande cha safari. Hata wa matatu hushuka steji akatembea. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema watu wa Mombasa waanze kutembea. Tunatembea tayari, na tulitembea jana. Kilichokosekana ni maungio, pale ndia moja inapotakiwa kushikana na nyingine.

Tazameni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina pale Lighthouse. Tangu ilipofunguliwa upya Oktoba 2019 pamekuwa mahali pa kupumzika pa watu wote, mibuyu ile, mihogo ya pilipili, watoto wanakimbia. Lakini jiulizeni, wangapi hufika pale kwa miguu? Mtu apanda tuktuk ili aende akatembee. Napo kutoka feri ni pua na mdomo.

Wazo langu ni hili. Badala ya kuomba kabro kipande huku na kipande kule, tuombe ndia moja kamili: kutoka mwisho wa Daraja la Nyali hadi geti la feri, kama kilomita 5 hadi 6, ambayo mtoto wa darasa la tatu, mama mjamzito na mzee mwenye mkongojo wataipita mwanzo hadi mwisho bila kushuka barabarani hata mara moja isipokuwa kwenye kivuko chenye pundamilia. Mitaro ifunikwe kwa zege, si chuma, maana chuma kitaibiwa kipelekwe kwa wenye mizani ya vyuma chakavu. Na kivuli. Jua la saa saba hapa si la mchezo. Ndia hiyo ikikamilika ndipo tuanze ya pili, Makupa hadi Fort Jesus kwa kupitia Mwembe Tayari. Zitakutana Digo Road, na hapo mji utakuwa umeunganika.

Nyinyi mwaonaje? Waandike wanaotembea, si wanaopita na gari vioo vimefungwa.

---

BintiMajengo

Kaka Mtembezi, umesema kweli, ila umesahau usiku.

Mimi nafunga duka saa moja na nusu jioni karibu na Mwembe Tayari narudi nyumbani Majengo. Si mbali. Lakini kila jioni nachagua ndia kwa kupima giza. Mulikamwizi, zile taa kubwa za nguzo ndefu, zipo, zamulika makutano vizuri kabisa, ukitoka chini yake hatua hamsini waingia gizani na macho hayaoni kitu kwa sababu yalishazoea ule mwanga mkali. Sisi wanawake hatuhitaji taa moja kubwa ya kuonekana kutoka Changamwe. Twahitaji taa ndogo ndogo, za kimo cha chini, zinazofuatana, ili nimwone uso anayekuja mbele yangu nikiwa bado na nafasi ya kuvuka upande wa pili.

Jambo la pili, na najua wengine hawatalipenda. Nikiwa peke yangu usiku hupita pale penye wachuuzi. Mwenye viazi karai ana taa yake, ana wateja wake, ananijua, akiona mtu anifuata ataita. Siku walipoondolewa wote upande ule nilibadilisha ndia kwa muda mrefu. Kwa hiyo mkisema kando ya barabara isafishwe, mjue mwasafisha nini.

---

MezaYaViatu

Dada Majengo ahsante sana, umenisemea kabla sijasema.

Mimi ni mmoja wa hao wanaokatisha ndia ya Mtembezi. Nauza viatu vya mtumba Digo Road. Meza yangu ni futi sita kwa tatu na nimeiweka juu ya kabro, sikatai. Nimeondolewa mara nyingi, vitu vimepakiwa kwenye lori, nimerudi, kwa sababu nina watoto wanne na wateja wangu ni hao hao wapita njia. Mkinipeleka sokoni ndani ghorofani hakuna anayepanda. Mchuuzi afuata miguu ya watu, hana la kufanya.

Lakini niseme ukweli wangu wote. Mamangu mzazi ana kisukari na miguu yamsumbua, na siku alipokuja kuniona hapa nilimwona kwa macho yangu akishuka barabarani kwa sababu ya meza ya jirani yangu. Nililala vibaya.

Wazo langu: pigeni mstari. Rangi ya manjano chini, iliyopimwa. Upande wa ukuta ni wa kutembea, hakuna meza wala gari wala pikipiki. Upande wa barabara, pale ambapo nafasi yatosha, meza za kina kimoja, zote zikitazama ndani. Sisi wenyewe tutalindana. Nikisogeza mguu wa meza juu ya mstari, jirani yangu ataniambia kabla ya askari wa kaunti hajafika, maana akinyamaza tutaondolewa sote. Hivi sasa hakuna mstari, basi kila mtu asogea inchi moja kila siku mpaka ndia ikaisha.

---

MtembeziWaKisauni

Ndugu Meza, nimekusoma mara mbili. Nikiri kwamba nilipokuwa naandika nilikuona kama kikwazo. Mstari wa rangi ni wazo bora kuliko langu, na ni wa bei ya ndoo chache. Nauliza tu: pale ambapo kabro ni nyembamba, meza na mtu haviwezi kukaa pamoja, tufanyeje?

---

MezaYaViatu

Pale hakuna meza. Tutasema wenyewe ni wapi, twapajua. Lakini tukubali kuondoka mahali pembamba tukipewa uhakika wa mahali papana. Tusiondolewe kote kwa jina la wanaotembea.

---

GurudumuMbili

Mimi nipo kwenye kiti cha magurudumu, mwaka wa nane sasa. Nataka niwape vipimo, kwa sababu mkisema "ndia pana" kila mtu ana upana wake kichwani.

Kiti changu chahitaji kama sentimita 90 kupita bila kukwaruza vidole. Viti viwili vipishane, au kiti na mama mwenye mtoto mgongoni na kapu, ni mita 1.8. Chini ya hapo mmoja ashuka, na mimi siwezi kushuka. Ukingo wa zege wa sentimita 15 ambao nyinyi mwauruka bila kuujua, kwangu ni ukuta. Na mara nyingi mteremko huwekwa upande mmoja wa barabara, upande wa pili haupo. Nashuka vizuri, navuka, halafu nabaki chini barabarani natafuta mtu wa kuninyanyua.

Feri ndiyo sehemu ninayopenda na kuiogopa. Naipenda kwa sababu mwenda kwa miguu halipi, na pale vijana wa mikokoteni hunisukuma bila kuombwa, Mungu awajaze kheri. Naiogopa ule mteremko wa kushukia. Maji yakipwa mteremko unakuwa mkali, sakafu ina utelezi, na watu wako nyuma yangu wanakimbia kuwahi. Breki zangu ni viganja vyangu. Ningeomba kitu kimoja tu pale: kipande cha pembeni chenye mkono wa kushikia na sakafu ya kukwaruza, na sisi na wazee na wajawazito tuingie dakika mbili kabla ya umati.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Msiandike kwenye waraka wenu kwamba mnatuonea huruma. Andikeni kifungu.

---

MzeeWaKibokoni

Wanangu, nimefurahi kuona neno "ndia". Watu husoma kibao cha Ndia Kuu pale Mji wa Kale wakadhani ni kosa la uandishi. Ni Kimvita, na maana yake ni njia kuu. Nasi twaishi kwenye mtaa uliojengwa kwa ajili ya miguu kabla ya hizi gari kuja.

Mwasema kivuli. Njooni Kibokoni saa saba mchana mtazame. Nyumba zimesogeleana, ukuta huu wautilia kivuli ule, na uchochoro umepindwa ili upepo wa bahari upite lakini jua lisipate ndia ya kuingia. Mbele ya mlango pana daka na baraza. Watu hudhani baraza ni ya mwenye nyumba kuketi na wageni wake. Ni ya kila apitaye pia. Mzee akichoka aketi, hakuna wa kumwinua, na akikaa sana ataletewa maji. Katika miji yetu ya kale hata nyumba mbili ziliunganishwa juu kwa wikio, jamaa akavuka kwenda kwa nduguye bila kukanyaga uchochoro, na chini ya wikio mpita njia akapata kivuli. Wazee wetu waliijua kazi hii.

Tena mwajua kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na vigari vya reli nyembamba, vikisukumwa na watu? Wakubwa wa serikali na matajiri walikaa juu, Mswahili akasukuma. Nawaambia mjue kwamba tangu zamani barabara za mji huu zilipimwa kwa aliyekaa, asiyekaa akaambiwa apishe.

Ombi langu ni mabaraza. Kila mita 200 katika hiyo ndia yenu wekeni baraza ya zege, chini ya mti. Magoti yangu hayawezi kilomita 5 kwa mara moja, lakini yaweza mita 200 mara nyingi. Na mti uwe mkungu au muarobaini, usiwe mnazi. Mnazi wa kando ya barabara ni wa kupigia picha, kivuli chake hakitoshi kuku, na dafu likianguka ni msiba.

---

Mlikoni

Shikamoo Mzee wa Kibokoni.

Mimi nataka nizungumzie maji, kwa sababu ndia ya Mtembezi inaishia geti la feri kana kwamba safari yaishia hapo. Sisi wa Likoni hapo ndipo pa kuanzia.

Nilikuwa mtoto tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama. Walikufa watu 272. Katika nyumba yetu aliondoka mmoja, sitamtaja. Mamangu hadi leo akisikia umati unakimbilia feri hushika kifua. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la feri ni foleni ya magari, namwambia hapana. Ni jinsi tunavyokusanywa, watu maelfu, tukafunguliwa geti kwa wakati mmoja na kila mtu ana hofu ya kuachwa.

Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa Januari 2021, wakati wa korona, nilikuwa miongoni mwa waliolitumia siku za mwanzo. Kutembea juu ya maji kwenda kazini, bila kusukumana, ni jambo nililodhani sitaliona maishani. Lakini nililiacha baada ya muda, na sababu zake ndizo hasa za uzi huu. Lilikuwa na saa zake asubuhi na jioni, kwa kuwa katikati lazima lifunguke meli zipite kuingia bandarini. Lilikuwa refu, zaidi ya kilomita moja na viungio vyake, na juu yake hakuna kivuli hata cha mwavuli. Na lilipokushusha, steji yako ilikuwa mbali. Daraja lenyewe lilijengwa vizuri, bali hatua za kwanza na za mwisho hazikujengwa. Shilingi bilioni 1.9, na mama mwenye ndoo ya samaki akasema bora nirudi feri.

Basi kwenye waraka andikeni hivi: ndia isiishie getini. Iingie mpaka ndani ya kivuko, itoke upande wa pili, ifike steji ya Likoni na sokoni. Tukisimama kwenye maji mmetuacha.

---

TuktukYaTudor

Nitasema machache, niko kazini. Sisi wa tuktuk twalaumiwa kuziba kona na vivuko. Ni kweli twaziba. Twaziba kwa sababu abiria asimama kwenye kona, na steji tulizopewa ziko mahali ambapo hakuna abiria. Mkichora hiyo ndia, wekeni vibanda vya tuktuk vitatu vitatu baada ya kila kivuko, si kabla, hatua ishirini tu. Hapo dereva wa gari ataona anayevuka, na mimi nitapata mteja aliyechoka kutembea.

---

MikindaniKwetu

Nasoma nikiwa Mikindani, na nikisimama uani naona Tudor ng'ambo ya maji. Naona mpaka nguo zilizoanikwa. Kufika huko kwa ardhi ni lazima niende Changamwe, niteremke Kibarani, niingie Makupa, nizunguke. Dada yangu ameolewa Tudor, tunapungiana mikono kwa simu.

Mlikoni asema maji ni sehemu ya ndia, nami naongeza: Hori la Tudor pia ni barabara. Boti ndogo zenye jaketi za kuokoa maisha, idadi ya abiria iandikwe ubavuni kwa herufi kubwa na ifuatwe, gati mbili za mbao imara. Najua feri na bandari ndogo zimetajwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba miongoni mwa kazi za kaunti. Si lazima tungoje daraja la mabilioni.

---

BahariaWaMvita

Nimefanya kazi melini miaka mingi. Mara moja tulikaa Vigo, Uhispania, siku kadhaa meli ikitengenezwa, na rafiki wa pale akanipeleka mji wa jirani uitwao Pontevedra. Tangu 1999 mji ule ulianza kuondoa magari katikati, ukawaachia watu. Sitaki kusema tuwe kama wao, sisi tuna joto letu na shida zetu. Kilichonivutia ni kitu kidogo sana: ramani. Wameichora kama ramani ya treni za chini ya ardhi, mistari ya rangi na vituo, lakini hakuna treni. Kati ya kituo na kituo wameandika dakika za kutembea.

Nilirudi nikajaribu hapa. Kutoka Pembe, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu pale Moi Avenue, hadi Fort Jesus, kwa mwendo wa kawaida, ni kama dakika 25. Muulize mgeni aliye chini ya zile Pembe, atakwambia Fort Jesus ni mbali, apande tuktuk. Hata wenyeji hatujui umbali wa mji wetu, kwa sababu twaupima kwa nauli. Andikeni dakika kwenye vibao. Posta hadi feri, dakika kadhaa. Feri hadi Mama Ngina, dakika kadhaa. Mtu akijua ni dakika 10 ataenda.

---

KaraniMstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za umma, sitataja ipi. Mawazo yenu ni mazuri, na nimeona mengi mazuri kama haya yakifa kwenye faili. Nieleze yanavyokufa.

Barabara katika mji huu haina mwenyewe mmoja. Nyingine ni za taifa, nyingine za kaunti, na mpaka wao hauonekani kwa macho. Mwananchi apeleka malalamiko ya shimo, aambiwa upande huu si wetu. Anakwenda kwa wa pili, naye asema barabara ni yetu lakini mtaro si wetu. Tawi la pili likachomekwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kudai chochote, ni kuorodhesha ndia yenu kipande kwa kipande na kuandika kila kipande ni cha nani. Waraka mmoja, nakala kwa wote, ili kila mmoja aone jina la mwenzake kando ya lake. Mkifanya hivyo hawatarushiana mpira.

La pili ni wakati. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, mwaka wa fedha ukianza Julai 1. Watu hufurika kwenye vikao vya bajeti mwezi wa tano wakilia, wakati fedha zimeshagawanywa. Waraka wenu uingie kabla ya mpango kuandikwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi, basi ombeni kikao kwa barua, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu, muihifadhi ile nakala kama hati ya shamba.

La tatu: msiombe "uboreshaji wa njia za waenda kwa miguu". Maneno hayo hupita ndani ya ripoti yoyote bila kugusa kitu. Ombeni kifuniko cha zege, mahali fulani, kipimo fulani.

---

MtembeziWaKisauni

Karani, shukran. Maneno yako nimeyaandika kwenye daftari neno kwa neno.

Basi Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukutane upande wa Buxton mwisho wa daraja. Tutatembea hadi feri, tukiandika kila kipande: upana, mtaro, taa, kivuli, mahali pa kuketi. Nina tepu ya fundi ya mita 5. Aje anayeweza. Gurudumu Mbili, ningependa vipimo viwe vyako, lakini sitaki kukulazimisha pale Abdel Nasser.

---

GurudumuMbili

Nitawangoja Posta. Lakini nataka nije Buxton kuwalaki, kwa hiyo nitatoka nyumbani mapema nijaribu. Nitakapokwama ndipo pa kuandika.

---

MtembeziWaKisauni

Nimerudi. Ni Jumamosi jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Tulikuwa 14. Kutoka jamvini walikuja Binti Majengo, Baharia, Mlikoni na Meza. Mzee wa Kibokoni alitungoja Posta na birika la kahawa tungu na mahamri, akatembea nasi hadi pale alipoweza, kisha akaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa kwa kuwa baraza hakuna. Pale alipoketi tumeandika: baraza ya kwanza.

Gurudumu Mbili alifika Digo Road. Alikwama mahali panne, na sehemu ya mwisho alikwama kwenye kivuko chenyewe, mteremko upande mmoja, upande wa pili ukuta. Tulipomkuta alikuwa ameshapima: sentimita 17. Alikataa kunyanyuliwa mpaka Binti Majengo apige picha.

Meza alikuwa amefika kabla ya jua na chaki. Amechora mstari mbele ya meza tisa, na meza sita zilikuwa zimesogezwa nyuma yake. Wenye zile tatu wamesema wangojee waone. Tulipita pale watu watatu kwa upana bila mtu kushuka. Kati ya Buxton na Posta safari hii nilishuka barabarani mara 9, nilivyozoea ni 11.

Shimo la Marikiti bado lipo. Lile tawi bichi nalo limeanza kunyauka. Tumelipima: sentimita 60 kwa 80, kina mita moja na nusu, maji meusi chini. Jirani wa Meza, fundi wa zege, asema kifuniko hicho ni kazi ya siku moja, na kwamba vyuma vya ndani vikifichwa vizuri hakuna wa kuving'oa. Hatutakiweka wenyewe bila ruhusa, Karani ametuonya. Tumeliweka nambari moja kwenye orodha.

Vipande vimekuwa 63. Vya kwanza 20 nimeshaviandika kwa mkono, Baharia anachora ramani ya dakika. Kinachotukosa ni Nyerere Avenue usiku: tulipita jua limeshawaka, hatukuweza kujua taa gani haiwaki. Anayerudi kupitia pale baada ya saa moja jioni atuambie, nguzo ya ngapi kutoka Posta, upande gani.

---

Mlikoni

Mimi napita leo usiku. Nitahesabu nguzo upande wa kushoto ukielekea feri, kesho wa kulia.